Mgeni, Mwenyeji na Deni: Nani Hulipa Kampuni ya Safari Inapofilisika?

Katika miaka ya tisini mume na mke kutoka Austria walikwenda likizo kisiwani Krete, nchini Ugiriki. Safari yao waliinunua na kuilipia yote kabla ya kuondoka nyumbani: ndege, chumba na sehemu ya chakula. Siku ya kurudi, mwenye hoteli aliwazuia wasitoke. Kampuni ya Austria iliyowauzia safari ilikuwa imefilisika, na mwenye hoteli aliwataka walipe upya gharama zote za malazi. Walilipa mara ya pili, wakaondoka. Walipofika kwao walimdai mtoa bima aliyeidhamini kampuni ile, naye akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba dhamana ni ya kumrejeshea fedha mtu aliyekosa huduma, au kumrudisha nyumbani mtu aliyekwama ugenini. Hawa walilala, walikula, na walirudi kwa ndege yao. Wanadai nini?

Shauri hilo lilifika Luxembourg, na tarehe 14 Mei 1998 Mahakama ya Haki ya Jumuiya za Ulaya iliamua kwamba wanandoa wale walikuwa na haki ya kurejeshewa fedha. Mtu anayelazimishwa kulipia chumba kile kile mara mbili, ilisema Mahakama, ni sawa na mtu ambaye huduma aliyoilipia kwanza hakupewa.

Katika vitabu vya sheria kesi hii husomwa kwa sababu ya wageni. Mimi hurudi kuisoma kwa sababu ya yule mwenye hoteli. Alikosea kuwazuia watu, hilo sina ubishi nalo. Lakini naye alikuwa ametoa chumba, shuka, maji na chakula, na fedha ya kazi hiyo ilikuwa imekwama Austria kwa mtu asiye na kitu. Mahakama haikuulizwa habari zake. Sheria iliyokuwa mezani haikumtaja. Na kwa sisi tunaoishi katika nchi ambazo kwa wingi hupokea watalii kuliko kuwapeleka, mtu aliyesimama mlangoni pa hoteli ile ndiye anayefanana nasi.

Ili kuelewa kwa nini mambo yako hivyo, inafaa tuanze mbali kidogo. Tarehe 5 Julai 1841 Thomas Cook, mhubiri wa Kibaptisti na mpinzani wa ulevi, aliwasafirisha watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough kwa shilingi moja kila mmoja. Tukio hilo husimuliwa mno. Lisilosimuliwa sana ni jambo alilolianzisha mwaka 1868: kuponi za hoteli. Msafiri alinunua kuponi kwa Cook, akamkabidhi mwenye hoteli ng'ambo badala ya fedha, na mwenye hoteli akazirudisha kwa Cook ili alipwe. Ulikuwa ufumbuzi wa akili kweli kweli, kwa kuwa msafiri hakuhitaji kubeba sarafu za nchi tano mfukoni. Lakini tazama mahali fedha ilipo katika kila hatua. Msafiri amelipa kabla ya kupata huduma; mwenye hoteli ametoa huduma kabla ya kulipwa. Katikati yuko mtu mmoja anayeshika fedha ya huyu na deni la yule kwa wakati mmoja. Biashara nzima ya likizo za kuuzwa kwa pamoja imejengwa juu ya mkao huo, na kila ufilisi nitakaoutaja hapa umetokea pale pale katikati.

Mwaka 1950 Vladimir Raitz aliwapeleka wateja wake wa kwanza Calvi, katika kisiwa cha Corsica, kwa ndege ya kukodi, wakiwa wamelipia usafiri, malazi na chakula kwa bei moja. Kampuni yake iliitwa Horizon. Baada ya miaka ishirini hivi wafanyakazi wa viwandani Uingereza walikuwa wakienda Hispania kwa mamia ya maelfu, na kampuni zikawa zinapigana kwa bei. Clarksons ndiyo iliyoongoza katika vita hiyo, ikiuza likizo kwa faida ndogo mno na baadaye kwa hasara. Mwaka 1973 ilichukuliwa na Court Line, kampuni iliyokuwa na meli, viwanda vya kuunda meli na shirika la ndege, kwa bei ya jina tu. Mwaka uliofuata Court Line ikaichukua na Horizon pia. Kisha bei ya mafuta ikapanda baada ya vita vya Oktoba 1973 Mashariki ya Kati, uchumi wa Uingereza ukayumba, na Waingereza wengi wakaahirisha likizo.

Mwishoni mwa Juni 1974 Tony Benn, Waziri wa Viwanda katika serikali ya chama cha Labour, alilitangazia Bunge kwamba serikali itavinunua viwanda vya meli vya Court Line. Akaongeza kwamba hatua hiyo inapaswa kuiimarisha hali ya kampuni, zikiwemo likizo zilizokwisha kulipiwa kwa kiangazi hicho. Watu walisikia, wakaendelea kulipa. Tarehe 15 Agosti, katikati ya msimu, Court Line ilianguka. Karibu watalii 50,000 walikuwa nje ya nchi, na wengine zaidi ya 100,000 walikuwa wamelipia likizo ambazo hazikuwapo tena.

Uingereza wakati huo haikuwa bila kinga. Tangu 1973 kampuni zilizouza safari za ndege za kukodi zilitakiwa kuwa na leseni inayojulikana kwa kifupi ATOL, na kuweka dhamana. Dhamana ilikuwapo, na ilitumika kuwarudisha waliokwama. Lakini baada ya kuwarudisha hao, hakikubaki cha kuwatosha waliolipa na hawajasafiri. Hapo swali likaacha kuwa la biashara likawa la siasa: waziri alisema nini, na aliyesikiliza akalipa anamdai nani? Malalamiko yalipelekwa kwa Kamishna wa Bunge anayechunguza makosa ya utawala. (Sisi Tanzania tulikuwa na chombo cha aina hiyo mwaka mmoja kabla ya Waingereza: Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ilianza kazi 1966, ya kwao 1967. Wanafunzi wangu wengi hushangaa kulisikia hilo.) Mwaka 1975 Kamishna alihitimisha kwamba serikali haiwezi kujivua wajibu wote, kwa kuwa kauli zake ziliwapa watu picha ya usalama usiokuwapo. Mawaziri waliikataa hukumu hiyo hadharani. Hata hivyo mwaka huo huo Bunge lilikwisha kupitisha sheria ya kuanzisha Mfuko wa Akiba wa Safari za Anga, ulioanza kwa mkopo wa serikali na kulipwa kwa tozo ya asilimia 1, baadaye 2, ya mauzo ya kampuni za safari. Waliopoteza fedha katika Court Line walirejeshewa.

Naisisitiza sehemu hii kwa sababu maelezo mengi ya sheria za kumlinda mlaji huzisimulia kama zawadi ya serikali zenye huruma. Mfuko ule haukuzaliwa na huruma. Ulizaliwa na waziri aliyesema neno bungeni, na raia waliolishika. Na waliougharimia hatimaye ni wasafiri wengine, maana tozo huingia katika bei. Leo mfumo wa ATOL huchukua pauni 2.50 kwa kila abiria, na wengi hawajui kwamba wanailipa.

Bara lilichelewa. Tarehe 13 Juni 1990 Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya ilitoa Agizo kuhusu safari za kuuzwa kwa pamoja, na kifungu chake cha 7 kilikuwa sentensi moja fupi: mwandaaji wa safari lazima aoneshe ushahidi wa kutosha wa dhamana ya kurejesha fedha na kumrudisha msafiri nyumbani endapo atafilisika. Nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 31 Desemba 1992 kuliingiza Agizo hilo katika sheria zao. Ujerumani, nchi ambayo raia wake husafiri kuliko karibu wengine wote, haikufanya hivyo. Kiangazi cha 1993 kampuni mbili za safari za Kijerumani zilifilisika. Baadhi ya wateja hawakuondoka kabisa. Wengine walirudi kwa nauli ya mifuko yao. Hapakuwa na mfuko wala bima ya kuwafidia.

Wateja hao hawakuishitaki kampuni, kwa kuwa kumshitaki mufilisi ni kukamua jiwe. Waliishitaki Jamhuri ya Shirikisho la Ujerumani. Walikuwa na silaha mpya mkononi: mwaka 1991 Mahakama ya Luxembourg ilikuwa imeamua, katika kesi ya wafanyakazi wa Kiitalia waliokosa mishahara baada ya mwajiri wao kufilisika, kwamba dola iliyoshindwa kutekeleza Agizo inaweza kumlipa fidia raia aliyeumia kwa kushindwa huko. Ujerumani ilijitetea kwa njia kadhaa. Ilisema muda wa kutunga sheria ulikuwa mfupi, sekta ya bima ilihitaji kujipanga. Ilisema tena kwamba mahakama yake kuu ya madai ilikwisha kuamua mwaka 1987 kuwa msafiri asitakiwe kutanguliza zaidi ya asilimia 10 ya bei, na isizidi maki 500, kabla ya kukabidhiwa hati zenye thamani.

Tarehe 8 Oktoba 1996 hoja hizo zilianguka moja baada ya nyingine. Muda ukiwa mfupi, nchi huomba uongezwe; haiachi ukapita. Asilimia 10 iliyopotea ni fedha iliyopotea, na Agizo halikusema kwamba msafiri avumilie hasara ndogo. Na tiketi iliyoko mkononi haina thamani ikiwa shirika la ndege halijalipwa na linakataa kuitambua. Kutofanya lolote hadi tarehe kupita, ilisema Mahakama, kwenyewe ni uvunjaji mkubwa wa sheria, na raia hana haja ya kuthibitisha kosa jingine. Bunge la Ujerumani lilikuwa limekwisha kutunga sheria mwezi Juni 1994, baada ya maji kumwagika. Ndipo Wajerumani walipoanza kupewa, pamoja na risiti zao, hati ya dhamana yenye jina la mtoa bima, na hawalipi kabla hawajaiona.

Kesi ya Austria ya mwaka 1999 naipitia kwa haraka, ingawa ina uchekeshaji wake. Gazeti moja kubwa liliwazawadia wasomaji wake waaminifu safari ya ndege, kwa masharti kwamba anayeandamana naye alipe. Walioitikia walikuwa wengi kupita matarajio, na mwandaaji akazidiwa akafilisika. Sheria ya Austria ilidai dhamana ya asilimia 5 tu ya mauzo. Mahakama ilisema dhamana isiyotosha si dhamana.

Hapa inafaa mtumishi wa umma anayesoma aandike pembeni, kwa maana jambo linakuja kwetu. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ulitoa Agizo jipya, Na. 2015/2302, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2018. Kifungu chake cha 17 hakiishii kwa kampuni za Ulaya. Kinasema kwamba mwandaaji asiye na makao katika nchi mwanachama, lakini anayeuza safari za pamoja katika nchi hiyo au kwa njia yoyote anaielekeza biashara yake huko, naye lazima aweke dhamana kwa mujibu wa sheria ya nchi hiyo. Fikiria sasa kampuni ya Arusha yenye magari manne na tovuti ya Kijerumani, inayouza siku sita za Serengeti na Ngorongoro pamoja na malazi na usafiri kwa wateja walioko Hamburg, kwa euro, na inayopokea malipo ya awali miezi kadhaa kabla. Kwa maandishi ya sheria hiyo, kampuni hiyo inatakiwa kuwa na dhamana ya ufilisi ya Kijerumani. Bima ya namna hiyo haipatikani kwa urahisi kwa kampuni ndogo iliyoko mbali. Kwa hiyo iliyo salama kisheria ni ile inayouza kupitia wakala mkubwa wa Ulaya aliyekwisha kudhaminiwa, na anayekata kamisheni yake. Sheria iliyotungwa kumlinda mnunuzi inakuwa pia, bila kukusudiwa, ukuta unaomlinda muuzaji wa kati.

Na muuzaji huyo wa kati ndiye aliyeanguka tarehe 23 Septemba 2019. Thomas Cook, baada ya miaka 178, ilifungwa usiku mmoja. Watu wapatao 600,000 walikuwa safarini. Uingereza ilikodi ndege na kuwarudisha zaidi ya 140,000 katika muda wa wiki mbili. Ujerumani iligundua kwamba hati zake za dhamana zilikuwa na kikomo: mtoa bima hakulazimika kulipa zaidi ya euro milioni 110 kwa mwaka, na madai yalizidi hapo mno. Mwezi Desemba serikali ya Berlin ilitangaza kwamba itaifidia tofauti hiyo kwa fedha ya umma. Waliokuwa wameisoma hukumu ya 1996 hawakushangaa. Mwaka 2021 Ujerumani iliachana na kikomo kile kwa waandaaji wakubwa na kuanzisha mfuko maalumu.

Je, wenyeji? Siku mbili kabla ya kuanguka kwenyewe, wageni wa Kiingereza katika hoteli moja huko Hammamet, Tunisia, walieleza kwamba walizuiwa getini mpaka walipe deni la Thomas Cook. Ilikuwa Krete tena, baada ya zaidi ya miaka ishirini. Gambia, ambayo msimu wake wa utalii ulitegemea sana ndege za kampuni hiyo, ililazimika kuitisha vikao vya dharura. Hispania ilitangaza msaada wa euro milioni 300 kwa sekta yake. Hispania ina uwezo huo. Mwenye hoteli wa Banjul, wa Diani au wa Nungwi anayempokea mgeni leo na kulipwa na kampuni ya Ulaya baada ya siku 30, 60 hata 90, husimama katika foleni ya wadai wasio na dhamana, nyuma ya benki na nyuma ya mfilisi mwenyewe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mkataba wa aina hii mwenyeji ndiye anayemkopesha mgeni, tena bila riba.

Nimewahi kuambiwa na ofisa mmoja kwamba haya ni mambo ya Wazungu na sheria zao. Sikubaliani naye. Serikali zetu zinao uwezo wa kugusa ncha zote mbili za kamba. Kwa upande wa mnunuzi, leseni ya TALA chini ya Sheria ya Utalii ya 2008 huangalia usajili, kodi, magari na ada. Ingeweza pia kudai kwamba fedha ya mteja ikae katika akaunti ya amana, isiguswe mpaka safari ifanyike. Kanuni za Uingereza za mwaka 1992 ziliikubali akaunti ya namna hiyo kama njia mojawapo ya dhamana, sambamba na bima na hati ya benki. Ni njia inayowezekana hata kwa kampuni ya magari manne, kwa kuwa haihitaji mtoa bima. Nchini Kenya chama cha waandaaji wa safari, KATO, kina utaratibu wa dhamana kwa wateja wa wanachama wake, jambo la kusifiwa, ila chama hakiwezi kumfunga asiye mwanachama. Na wateja tunaowazungumzia si wageni peke yao. Fastjet ilipoacha kuruka nchini Desemba 2018, waliobaki na tiketi mkononi walikuwa Watanzania waliokuwa wakienda nyumbani kwa sikukuu. Mahujaji wetu nao hukabidhi akiba ya miaka kwa mawakala miezi mingi kabla ya kuiona Makka.

Kwa upande wa mwenyeji, kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa hoteli moja haiwezi kuishurutisha kampuni inayoijazia nusu ya vyumba. Nchi inaweza. Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweza zaidi, kwa sababu Mombasa na Zanzibar hushindanishwa na wanunuzi wale wale kwa masharti yale yale. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha viza moja ya utalii inayomwezesha mgeni kuvuka mipaka yao mitatu. Sheria ya pamoja kuhusu muda wa juu wa kuilipa hoteli, na sehemu ya malipo kutangulizwa kabla mgeni hajafika, ingeondoa mashindano ya kukopesha. Najua watakaosema kwamba wanunuzi watahamia kwingine. Wenye hoteli wa Krete nao waliambiwa hivyo.

Mwezi Novemba 2023 Tume ya Ulaya ilipendekeza marekebisho mengine. Pendekezo lilitaka msafiri asitanguliza zaidi ya asilimia 25 ya bei, na safari ikifutwa, watoa huduma waliokwisha kulipwa wamrudishie mwandaaji fedha yake ndani ya siku 7. Mwenye hoteli, basi, alipangiwa siku 7 za kulipa. Siku za yeye kulipwa hazikutajwa.

Tarehe 3 Juni 2024 ilikuwa zamu ya FTI ya Munich, iliyohesabiwa ya tatu kwa ukubwa Ulaya. Mfuko mpya wa Ujerumani ulifanya kazi yake, na walionunua safari za pamoja walirejeshewa fedha. Walionunua chumba tu, au gari tu, hawakuwamo katika kinga hiyo, wakaingia katika foleni ya wadai mjini Munich. Ndani ya foleni hiyo walizikuta hoteli.